Nani Kakwambia?

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara wa John Hanning Speke na James Grant ulikwama Usui, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Biharamulo. Mtawala wa huko, Suwarora, hakukubali hata kuonana na wageni hao. Aliwatuma watu wake kudai hongo ya nguo, shanga na nyaya za shaba, na wageni wakidhani wamemaliza kulipa, linazuka dai jingine. Speke aliyaandika hayo kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa, na kitabu chake kilipotoka London mwaka 1863, hasira hiyo ikawa mojawapo ya kurasa za mwanzo za Biharamulo katika maktaba za dunia. Wakati anahangaika Usui alikuwa tayari ametunukiwa, mwaka huohuo wa 1861, medali ya dhahabu ya Royal Geographical Society kwa safari yake ya awali. Kwa hiyo ukipenda unaweza kusema kwamba Biharamulo iliingia vitabuni kwa kalamu ya mshindi wa tuzo.

Sasa tumwingize katika mashindano mengine. Tuseme ipo tuzo ya insha za utafiti wa historia ya Ngara na Biharamulo, na andiko la Speke limefika mezani pamoja na mengine. Mwamuzi makini hatasumbuka na ufasaha, maana Speke anajua kusimulia. Atauliza swali ambalo kila mtoto aliyewahi kupeleka umbea nyumbani ameulizwa: nani kakwambia? Hapo Speke anaanza kuyumba. Habari za Suwarora alizipata kwa wapagazi, kwa wafanyabiashara wa pwani na kwa wajumbe waliokuja kudai mali, yaani kwa watu ambao kila mmoja alikuwa na shauri lake na mtawala yule. Hakumketisha mkulima wa Usui akamuuliza hongo ile ilikuwa na maana gani kwake. Njia ya kutoka Unyanyembe kwenda Karagwe na Buganda ilipita pale, nguo na bunduki zikipanda kaskazini na pembe za ndovu zikishuka, na nchi isiyotoza chochote mlangoni pake haikuwa na namna ya kujilinda. Leo malori hupanga foleni Rusumo na Kabanga kusubiri forodha, na sijasikia dereva aliyeandika kitabu kuwaita maofisa wale wanyang'anyi. Pengine kipo, hakijachapishwa tu.

Medali ya London ilipima umbali aliotembea mtu. Tuzo ninayoizungumzia katika sura hii ingepima jinsi alivyouliza, na hilo ni gumu zaidi kuliko linavyosikika, hasa mahali kama Ngara.

Mashindano ya insha si mageni kwetu. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika iliundwa London mwaka 1926, na baada ya miaka michache ikaanza kutoa zawadi kwa Waafrika walioandika kwa lugha zao wenyewe. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, nayo iliendesha mashindano ya insha. Mwaka 1948 ikaja East African Literature Bureau na kitu ambacho kwa karani au mwalimu wa kijijini kilizidi fedha: ahadi ya kuchapishwa. Ndipo Mathias Mnyampala alipotoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo mwaka 1954. Ugogo ukapata mtu wake, Uchagga nao ukapata wake kina Petro Itosi Marealle na S. J. Ntiro.

Siku hizi wanafunzi wa sekondari hushindana katika insha za Jumuiya ya Afrika Mashariki na za SADC. Mada hutoka juu, zikapita wizarani, zikafika shuleni: mtangamano, biashara, maendeleo ya kanda. Kijana mwenye kipaji anaweza kushinda bila kuinuka kwenye dawati, kwa kusoma hotuba za viongozi na kuzipanga upya vizuri. Silaumu. Lakini hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kugongewa mlango kwa sababu ya insha ya mtangamano. Ile Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, imefanya jambo kubwa kwa riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto na tamthiliya. Mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10, na hilo limewafanya watu waanze kuuheshimu uandishi kwa lugha ambayo hata jirani anaielewa. Utafiti wa historia haukuwekewa fungu. Na tangu mwaka 2024 shule zetu zina somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, ambalo mwalimu wa Murusagamba au Nyakahura analifundisha akiwa hana ukurasa hata mmoja wa kuwasomea wanafunzi kuhusu kilima wanachokiona dirishani.

Kilichokaribia zaidi tuzo ya namna hii hapa nchini kilikuwa kazi ya likizo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kusini kuwahoji wazee kuhusu vita vya Maji Maji. Idara ya historia, iliyoanzishwa na Terence Ranger na ambamo John Iliffe alikuwa akifundisha, ilikuwa imeamua kwamba nyaraka za Wajerumani peke yake hazitoshi. Wanafunzi walirudi na masimulizi, yakapigwa chapa na kudurufiwa, na yeyote anayeandika leo kuhusu Maji Maji huyapitia makaratasi yale. Miaka michache baadaye, mwaka 1973, Iliffe akahariri kitabu cha wasifu wa Watanzania wa kisasa kilichotokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa wanafunzi. Zawadi yao ilikuwa alama za mtihani na jina kwenye chapa. Inanifurahisha kwamba ilitosha.

Kaskazini magharibi, bahati ya maandishi iliangukia Bukoba na Karagwe. Francis Xavier Lwamgira aliandika kwa Kihaya historia ya Kiziba na wafalme wake, ikachapishwa mwaka 1949. Ingefika kwa waamuzi wetu ingeshika nafasi ya juu, kwa kuwa mwandishi aliwajua wasimulizi na alikuwa na kiu ya nasaba na tarehe. Hata hivyo ningeiwekea alama ya kuuliza pembeni. Lwamgira alikuwa mtu mzito katika utawala wa Bukoba, alitumikia wakoloni, na alikuwa na maadui wengi. Anapokwambia ukoo fulani ulistahili kiti na mwingine haukustahili, lazima ukumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa mchezaji uwanjani. Kuhusu Karagwe, John Ford na R. de Z. Hall walichapisha historia yake katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1947. Ford alikuwa mtaalamu wa mbung'o. Alianza kwa kuwafuata wadudu porini, akagundua kwamba hawezi kueleza kwa nini pori limerudi bila kueleza watu walikwenda wapi, na hapo akawa mwanahistoria bila kuomba ruhusa. Israel Katoke naye akatoa kitabu chake cha ufalme wa Karagwe mwaka 1975.

Ngara na Biharamulo zilibaki njia ya kupita. Watu walioziandika wengi walikuwa safarini, au walikuwa wametumwa. Makamishna wa wilaya wa Kiingereza walikuwa na daftari kubwa, kitabu cha wilaya, chenye fungu la historia na masimulizi ya makabila, na bwana shauri mmoja baada ya mwingine aliongeza alichosikia kutoka kwa machifu na makarani. Ni hazina, hata ukizingatia kwamba chifu anayemsimulia bwana shauri habari za mipaka yake hasimulii kwa kujifurahisha. Nakala za madaftari haya zimo katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa barabara kutoka Ngara mjini. Mwalimu anayetaka kusoma walichosema wazee wa kata yake atalala njiani.

Hapo nafika kwenye jambo linaloifanya tuzo hii isiwe mchezo wa shule.

Ngara imeundwa na nchi mbili za zamani, Bugufi na Bushubi, na mto Ruvubu umepita katikati. Kabla ya ukoloni Bugufi ilihesabiwa upande wa ufalme wa Burundi. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalishuka kutoka Rwanda na Burundi, yakachukua Biharamulo katikati ya mwaka na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba, mizigo ikiwa juu ya vichwa vya wanakijiji. Vita vilipokwisha, Uingereza na Ubelgiji ziligawana kwenye ramani: Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji, Bugufi ikabaki Tanganyika. Jambo hilo halikuisha pale. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipozuru mwaka 1948, Mwami Mwambutsa wa Urundi alikuwa bado anaidai Bugufi. Fikiria basi maana ya kumwambia mzee wa Bugufi wa wakati ule, kwa upole kabisa, akusimulie asili ya watu wake. Jibu lake lilikuwa ushahidi katika kesi ya kimataifa, atake asitake.

Baadaye swali hilohilo likawa la nyumba kwa nyumba. Wakimbizi wa Rwanda walifika miaka ya mwanzo ya 1960, wengine wakawekwa Muyenzi. Wa Burundi wakaja mwaka 1972, na tena mwishoni mwa 1993. Kisha ikaja tarehe 28 Aprili 1994. Katika muda wa saa 24 hivi watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco, iliyobeba jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, ikageuka mji mkubwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwa nguvu, Warundi wakabaki katika kambi ya Lukole kwa miaka mingine zaidi ya kumi. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwasaka wahamiaji haramu, na miongoni mwa waliosombwa walikuwamo watu walioishi nchini miaka mingi, na wengine waliosema wao ni raia.

Sasa mtume mwanafunzi wa kidato cha tatu na daftari lake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae."

"Babu, naomba unisimulie. Ukoo wetu ulitokea kilima gani, na mwaka gani?"

Ni swali la kwanza la kila mwongozo wa utafiti wa historia simulizi. Ni swali la kwanza la ofisa uhamiaji pia. Kihangaza, lugha ya Bugufi, kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, majina ya watu yanavuka mto bila pasipoti, na babu huyo anaweza kuwa na binamu ng'ambo ambaye hamtaji mbele ya mgeni. Atajibu kwa makini sana, atamwangalia mjukuu, ataliangalia daftari, kisha atasimulia habari za migomba. Mwamuzi asiyeijua Ngara atasoma insha hiyo Dar es Salaam na kuandika pembeni kwamba mwanafunzi hakuuliza vya kutosha.

Kwa hiyo lile swali langu, nani kakwambia, lina waulizaji wawili, na tuzo yoyote ya historia ya mahali hapa itapaswa kumjibu mmoja na kumnyima mwingine. Bila majina ya wasimulizi insha ni umbea uliopigwa pasi. Majina yakiwa wazi, insha inaweza kumfikisha mtu kituoni. Sioni njia ya kulikwepa hili kwa maneno mazuri, linahitaji utaratibu. Orodha ya wasimulizi iwe karatasi ya pekee, ifungwe, isomwe na mwamuzi mmoja tu wa kuhakiki, na msimulizi mwenyewe aseme ifunguliwe lini: kesho, akifa, au wajukuu wakizeeka. Hifadhi za masimulizi duniani hufanya hivyo kila siku. Habari za uraia na mipaka ya mashamba ya watu walio hai zisipewe alama hata kidogo, hata kama zimeandikwa vizuri namna gani, ili asiwepo kijana wa kuzitafuta kwa tamaa ya zawadi.

Wajerumani wana mashindano ya aina hii tangu mwaka 1973, yaliyoanzishwa na Rais Gustav Heinemann pamoja na mfanyabiashara Kurt Körber. Vijana huchunguza historia ya mahali wanapoishi, na zaidi ya 150,000 wameshashiriki. Mambo mawili katika kanuni zao ningeyaiba leo. La kwanza, kila kazi huja na taarifa ya jinsi ilivyofanyika: mlimwendea nani, nani alikataa, mlibadili mawazo wapi. La pili, walimu wanaowasaidia vijana nao hutambuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 binti wa mji wa Passau, Anna Rosmus, alishiriki kwa kuchunguza mji wake wakati wa utawala wa Hitler. Alikuwa amelelewa akiamini kwamba mji ule wa Kikatoliki ulipinga Unazi. Alichokuta ni majina ya watu wenye heshima zao, baadhi wakiwa hai. Milango ikafungwa, vitisho vikaanza, akaushtaki mji mahakamani ili afunguliwe nyaraka, na mwaka 1983 akachapisha kitabu. Filamu iliyotokana na habari zake ilitoka mwaka 1990. Huko Urusi, shirika la Memorial lililoendesha mashindano kama hayo kwa wanafunzi tangu 1999 lilifutwa kwa amri ya mahakama Desemba 2021. Anayesema insha za watoto hazina madhara hajawahi kuandaa mashindano.

Lakini Passau na Ngara si kitu kimoja, na hapa ndipo siwafuati Wajerumani. Rosmus aliwaandama wenye nguvu waliotaka kusahau. Ngara wenye kuogopa kukumbuka mara nyingi ni wanyonge. Kanuni inayomsifu kijana kwa kufichua inafaa pale; hapa ingebidi imsifu pia kwa kujua aache wapi.

Na ingekuwa kosa kudhani hakuna cha kuandika nje ya hatari hiyo. Biharamulo peke yake ina mada za miaka 20. Boma la Wajerumani bado limesimama: nani walibeba mawe, kutoka wapi? Miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, mashamba yakarudi kuwa pori, pori likawa hifadhi ya wanyama mwaka 1959, na mwaka 2019 sehemu yake ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Simba wanaotazamwa na watalii leo huenda wamelala juu ya makaburi ya babu za watu wanaoishi Nyakanazi, na insha itakayoyataja makaburi hayo kwa majina itakuwa imefanya ambalo kitabu cha wilaya hakikulifanya. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulifunguliwa mwaka 2005, ukachukuliwa na STAMICO, shirika la madini la serikali, mwaka 2013. Vijana walioajiriwa siku ya kwanza sasa ni watu wazima wenye kumbukumbu ya mishahara, ya nyumba za bati zilizoota, na ya siku magari yalipopungua. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo na mwaka 2012 ikaenda mkoa mpya wa Geita, na ipo mikutano ya vijiji iliyojadili jambo hilo ambayo mihtasari yake inaliwa na mchwa katika ofisi za watendaji. Hata Benaco ina upande ambao wenyeji tu ndio wanaoujua. Wageni wameshaandika vitabu vizuri: Simon Turner kuhusu Lukole mwaka 2010, Jill Rosenthal kuhusu wakimbizi na misaada mpakani mwaka 2023, vyote kwa Kiingereza, vyote vimechapishwa ng'ambo. Mama wa Ngara aliyekuwa akiuza ndizi mwaka 1994 na ghafla akawa na wateja robo milioni ana uchumi wake wa kusimulia, pamoja na habari za miti iliyokwisha kwa kuni, na za kijana wake aliyepata kazi ya udereva kwenye shirika la misaada akaacha shule.

Lugha iwe ipi? Kiswahili, kwa ajili ya mashindano, lakini maneno ya msimulizi yabaki kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi alivyoyasema, tafsiri ikifuata chini. Mzee anayesimulia kwa Kiswahili cha mkutanoni husimulia mambo ya mkutanoni. Zawadi isiwe kubwa mno; milioni 10 katika kata moja italeta wasimulizi bandia kabla ya mvua za vuli. Fedha nyingi ziende kwenye kupiga chapa insha zote zilizopita mchujo, zilizoshinda na zisizoshinda, na nakala zikae mahali ambapo mtu anafika kwa miguu: maktaba ya shule, ofisi ya kata, parokia, hospitali ya Murgwanza ambako watu husubiri muda mrefu na hawana cha kusoma.

Na kabla waamuzi hawajakaa, kila insha isomwe kwa sauti kijijini ilikofanyiwa utafiti, msimulizi akiwa amekubali. Watabisha. Mmoja atasema mwaka si huo, mwingine atasema yule hakuwa ndugu bali mtumishi, bibi mmoja atainuka na kusema mambo haya yote mmewauliza wanaume. Mwandishi asibadili insha yake usiku ule ili kuwafurahisha. Ayaandike mabishano hayo kama yalivyosemwa, ayabandike nyuma ya insha, na waamuzi waanze kusoma kutoka huko nyuma.